Usiuze ploti ya Kitengela kwanza

Ol Kalou, Jumapili jioni

Mama Shiru mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, mvua imeshika na barabara ya kwetu ni tope tupu. Najua nimenyamaza tangu tumzike Cucu, nisamehe. Leo imebidi niandike kwa sababu ya ujumbe wako wa Alhamisi, kwamba unauza ploti ya Kitengela ununue ng'ombe sita kwa kuwa serikali imeshatupa shilingi 50 kwa lita ya maziwa. Niliusoma zizini, vidole vimejaa mafuta ya kukamulia, nikaurudia, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Hiyo 50 si uongo. Mwaka 2024 serikali iliitaka New KCC, ambayo ni kampuni yake ya maziwa, ilipe 50 kwa lita kutoka 45, na nilimshukuru Mungu kama kila mtu huku. Lakini ni bei ya maziwa, si mshahara wako. Kuna ya usafiri, kuna ya kupozea, kuna ya chama. Mwezi uliopita iliyonifikia mkononi ilikuwa 42, na hapo sijagusa deri mili, chakula cha dukani cha ng'ombe. Gunia la kilo 70 halimtoshi ng'ombe wangu Nyange wiki mbili, na bei ya gunia hakuna aliyeishika.

Juzi nimeongea na yule kijana wa Baba Kim aliyeko Wisconsin, Marekani. Ananiambia huko, tangu sheria yao ya kilimo ya 2018, mkulima hujiandikisha, analipia kiwango alichochagua, kisha kila mwezi serikali inapiga hesabu ya nchi nzima: bei ya maziwa, toa gharama ya chakula cha ng'ombe. Kinachobaki kikishuka chini ya kile kiwango, analipwa. Nilimuuliza mara mbili nihakikishe nimesikia vizuri. Wanalinda kile kinachobaki! Natamani wabunge wetu wakae na jambo hilo hata kwa siku moja.

Usidhani naidharau serikali yetu. Unakumbuka Januari 2020 nilivyokupigia nikilia? Maziwa yalijaa kila mahali, mnunuzi wangu akashusha hadi 18, siku nyingine gari halikuja kabisa nikawapa ndama na mbwa. Ndipo Rais Uhuru akaagiza New KCC ipewe milioni 500 inunue yaliyozidi na kuyakausha yawe unga, na mkulima alipwe 33. Hiyo 33 ilinifurahisha, lakini kilichoniokoa ni kupatikana mtu wa kuyachukua. Mahindi utayaweka stoo ungojee bei. Maziwa ya alfajiri yakifika saa sita hayajapozwa, umeyapoteza.

Ndiyo maana napenda haya matangi ya kupozea kuliko tangazo lolote. Tangu tuletewe letu nauza hata ya jioni. Ukifika, kijana anachota kidogo ayapime, anatia kwenye kichupa, anaongeza spiriti, anatikisa, na foleni nzima inanyamaza ikitazama kioo. Yakiganda unarudi nayo nyumbani, hakuna kubembeleza. Wiki jana yalimgandia Mama Kevo, lita kumi na nane. Alibeba mtungi wake bila kusema neno, nami nikakosa la kumwambia.

Halafu maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, unayakumbuka? Zile pakiti za pembetatu, wewe ukitoboa pembe kwa meno. Serikali ya Moi iliyaanzisha 1979 na sisi watoto tulijua ni zawadi yetu tu. Sasa ndiyo naona upande wa mfugaji: kila pakiti ilikuwa na ng'ombe wa mtu nyuma yake. Mvua inyeshe, isinyeshe, mtoto wa shule anakunywa.

Turudi kwa ploti. Nilishawahi kukaliwa na pesa zangu miezi miwili na mnunuzi ambaye jina lake nitakutajia tukionana. Ng'ombe hawakuacha kula miezi hiyo. Mimi nilikuwa na wawili na shamba la mabingobingo, nikavuka kwa shida. Wewe ungekuwa na sita, huna nyasi, na ploti ishaenda. Nakuomba kama dada: panda majani kwanza, chimba shimo la silaji, yale majani ya akiba, uanze na wawili. Kama bei itadumu, itakukuta hapo hapo.

Sasa niambie ukweli. Umeshapokea arbuni ya mtu? Baba Shiru anasemaje, au hujamwambia? Tangi la kupozea liko umbali gani na huko unakotaka kufugia, na ni nani mwingine ananunua maziwa hapo wenye tangi wakikataa? Nani atakamua saa kumi na moja asubuhi wewe ukiwa kazini? Na Shiru, ile barua ya chuo imefika?

Njoo ukae nami wiki moja kabla ya kutia sahihi yoyote, nauli nitatuma. Nyange atazaa Agosti. Akizaa mtamba, ni wako, nitakulelea mpaka majani yako yashike.

Wako,
Mama Wambui