Umeambiwa una homa ya ini B? Usikimbilie dumu la majani kwanza

Wiki iliyopita kaingia kaka mmoja hapa kliniki, karatasi kaikunja mpaka imekuwa kama tiketi ya daladala, kumbe alienda kuchangia damu akapewa majibu kwamba ana homa ya ini B, basi tangu siku hiyo usingizi hana, kajitengea sahani na kikombe, na kashanunua dumu la majani ya kuchemsha. Sahani ya nini jamani? Kirusi hiki hakipiti kwenye ugali, kinapita kwenye damu, ngono, wembe wa kushea, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Kile kipimo cha haraka kinasema tu kirusi kipo, ini lina hali gani hakijui. Kikiendelea kuonekana zaidi ya miezi 6 ndo tunaita sugu. Watoto wachanga wakiambukizwa karibu 9 kati ya 10 wanabaki nacho, ndo maana mtu anakaa nacho miaka 30 hajawahi kuumwa hata siku moja.

Kwa hiyo tunachukua damu tunapima ALT na AST, hivi ni vimeng'enya vya ini, vinavuja kwenye damu seli za ini zikiumia, halafu tunahesabu chembe sahani (zile za kugandisha damu) maana ini likishapata makovu huwa zinashuka. Yule kaka AST ilikuwa 48, kikomo cha mashine yetu ni 40, chembe sahani 240 (kwa maelfu). Chukua 48 gawa kwa 40, zidisha 100, gawa 240, unapata 0.5. Hiyo ndo APRI, namba ya kukadiria makovu ya ini, na mwongozo wa WHO wa 2024 unasema ikizidi 0.5 dawa ianze, yaani yeye kasimama kwenye mstari wenyewe, hajauvuka! Ikabidi apime wingi wa virusi, vikizidi 2,000 (IU kwa mililita, ndo kipimo cha virusi) na ALT iko juu, daktari anamwanzishia tenofovir.

Kidonge kimoja kila siku, na hakifukuzi kirusi, kinakilaza tu (homa ya ini C ndo inapona, wengi kwa wiki 12). Tafadhali usijinunulie dukani, lazima upime figo na VVU kwanza, na ukishaanza usiache kienyeji, ini linaweza kuvimba ghafla vibaya mno.

Mke wake anakuja Jumamosi kupima, akikutwa hana kirusi wala kinga tunamchoma dozi ya kwanza ya chanjo, ziko 3. Sahani kasema atairudisha kabatini taratibu.