Wanawake waelezwe kuhusu hedhi kabla ya kupewa njia ya uzazi wa mpango

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakunga hulipitia haraka mno kliniki: namna sindano, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango vinavyobadili hedhi. Mwanamke huandikiwa tarehe ya kurudi, lakini mara nyingi haambiwi siku zake zitakuwaje, na zinapovurugika huiacha njia kimyakimya, pengine bila kuwa na nyingine.

Wengi huamini kwamba anayechomwa sindano ya miezi mitatu akakosa hedhi, damu yake hurundikana tumboni na kugeuka uvimbe. Hakuna damu inayorundikana. Kwa kawaida ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa kila mwezi kwa matarajio ya mimba, na mimba isipotungwa hubomoka na kutoka kama hedhi. Homoni ya sindano huzuia yai kupevuka na kuuacha ukuta huo ukiwa mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka. Miezi ya mwanzo damu huweza kuja ovyo, ila baada ya mwaka mmoja takriban nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa. Asiyezaa bado ana haki ya kujua, kabla hajachomwa, kwamba sindano haileti utasa lakini huchelewesha mimba, kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho.

Vijiti ni vigumu zaidi kuvitabiria: mmoja hukauka, mwingine hutokwa na matone mwezi mzima. Vidonge vyenye homoni mbili huipanga hedhi vizuri, ingawa damu inayotoka katika wiki ya vile 7 vya kahawia vya mwisho wa pakiti, ambavyo kwa kawaida ni vya madini ya chuma tu, huja kwa sababu homoni zimekatika, wala si dalili kwamba yai limepevuka.

Huku kwetu pwani matone hayo huzua swali ambalo mabango ya kliniki hayaligusi, nalo ni kama mwanamke aswali na kufunga, au la. Kutenganisha hedhi na istihadha, yaani damu itokayo nje ya siku za hedhi, si kazi ya muuguzi, lakini anayeulizwa fatwa hawezi kujibu sawasawa asipoambiwa kwamba muulizaji ana kijiti mkononi. Mume naye aelezwe, mke akiridhia, maana nimesikia matone yakihesabiwa kuwa ushahidi wa maradhi ya zinaa.

Damu ikizidi siku 8 au ikitoka maradufu ya kawaida, mwanamke arudi kituoni, kwani zipo dawa za kuipunguza. Aliyesahau vidonge kisha akakosa hedhi apimwe mimba. Na anayetaka kijiti kitolewe kabla ya muda wake, kitolewe siku hiyo hiyo bila masimango.

Mkunga mstaafu,
Tanga