Kocha asiwe hakimu wa mchezaji wake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini nizungumzie tuhuma za ubakaji kwenye timu za vyuo, jambo ambalo huku Marekani ninakoishi halikauki midomoni, na huko nyumbani wengi tunalichukulia kama skendo za wazungu tu, kumbe watoto wetu wamo humohumo. Vijana wetu wanakuja huku kwa skolashipu za kukimbia, Wakenya ndo wengi zaidi, na mabinti zetu wanasoma na kulala kwenye mabweni hayohayo. Sasa binti akisema fulani wa timu kanibaka, nani anamsikiliza? Na yule kijana aliyetajwa, yeye nani anamsikiliza? Mimi naona kote kuwili wanaangushwa, na sababu ni moja.

Mimi nipo Texas kwa hiyo nianze na Baylor, chuo cha Kibaptisti kule Waco. Timu yao ya futiboli ya Kimarekani (siyo soka letu) ilikuwa inafungwa tu miaka nenda rudi, akaja kocha Art Briles, mwaka 2013 wakabeba ubingwa wa ligi yao ya vyuo, Big 12, na mwaka uliofuata wakafungua uwanja mpya wa dola milioni 266 hivi pembeni ya mto Brazos. Hela, sifa, kila kitu. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2014 aliyekuwa mchezaji wao alifungwa miaka 20 kwa kubaka. Sheria ya Title IX inayokataza ubaguzi wa kijinsia mashuleni na vyuoni ipo tangu 1972, na 2011 serikali ya Obama iliviandikia vyuo barua ya kuvikumbusha kwamba malalamiko ya ubakaji ni jukumu lao kuyashughulikia, lakini Baylor mtu wa kufanya kazi hiyo tu bila kuchanganya na nyingine walimwajiri Novemba 2014! Mei 2016 mawakili walioletwa kuchunguza wakasema watu wa futiboli walikuwa wanakutana na walalamikaji wao wenyewe, wanafanya uchunguzi wao bila utaalamu wowote, na mengine hawayafikishi kabisa kwa wahusika. Briles akatimuliwa, rais wa chuo Ken Starr akavuliwa cheo. Afu 2021 NCAA, hao wanaosimamia michezo ya vyuo, wakatoa uamuzi kwamba kutoripoti tuhuma zile hakukuvunja kanuni zao, yaani kanuni zilizokuwa zinamwadhibu mwanafunzi kwa kupokea vijizawadi kutoka kwa mashabiki hazikuwa na la kusema hapo. Mi nilivyosoma niliumia sana.

Sasa kuna wazazi wa upande wa pili watasema mbona vijana nao wanasingiziwa. Ni kweli inatokea na tusiwafunike. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa lakrosi (mchezo wa mpira na fimbo zenye wavu) wa chuo cha Duke, North Carolina, walishtakiwa kwa ubakaji, msimu wa timu nzima ukafutwa na kocha akaondoka kabla hata ushahidi haujapimwa. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo, Roy Cooper, akatangaza hadharani kwamba vijana wale hawana hatia, na mwendesha mashtaka Mike Nifong akavuliwa uwakili. Desemba 2024 mwanamke aliyewatuhumu akakiri mwenyewe kwamba alidanganya. Miaka 18!

Ukiangalia vizuri Baylor na Duke ni ugonjwa uleule, chuo kilikuwa kinajiokoa chenyewe. Nyota akiwa analeta hela wanamficha, kelele za nje zikizidi wanamtoa kafara, na ukweli wa nini kilitokea usiku ule hakuna aliyekaa akautafuta kwa utulivu.

Kesi inayonikaa zaidi kichwani ni ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Desemba 2016 chuo kiliwasimamisha wachezaji 10 wa futiboli kwa tuhuma za binti mmoja kwamba alibakwa Septemba, polisi walishachunguza na mwendesha mashtaka akasema hafungui kesi. Timu nzima ikagoma, tunataka haki kwa wenzetu, hatuchezi bowl, yaani mechi ya heshima ya kufunga msimu. Kesho yake ripoti ya chuo ya kurasa 80 ikavuja, watu wakasoma alichosema yule binti, na mgomo ukafa ndani ya siku mbili. Baadaye chuo kikasikiliza mmoja mmoja, wengine wakafukuzwa na wengine wakaonekana hawakuhusika. Hapo utaona wachezaji hawakukosea kudai wenzao wasikilizwe, manake kweli walikuwemo wasiohusika, ila waligoma bila kujua binti kasema nini, na kocha wao akaandika mtandaoni kwamba anajivunia vijana wake! Kocha anajivunia nini wakati kuna mwanafunzi wa chuo hichohicho ametoa malalamiko mazito kiasi kile? Januari wakamfukuza kazi, na mimi sikumhurumia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, idara ya michezo isiguse kabisa kesi hizi, kocha akisikia neno apige simu kwenye ofisi inayohusika na ubakaji afu anyamaze, asimwite binti ofisini, asimtafutie kijana wakili rafiki wa timu. Chuo cha Vanderbilt 2013 uongozi uliona kwenye kamera za bweni jambo baya wakaita polisi, wachezaji wakaondolewa timuni na kesi ikaenda mahakamani. Kumbe inawezekana.

Na kijana asikilizwe upesi. Terrence Shannon wa timu ya basketi ya chuo cha Illinois alisimamishwa kwa tuhuma za ubakaji Desemba 2023, ikabidi aende kwa jaji wa shirikisho ndo arudishwe Januari, na Juni 2024 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Kusimamishwa kucheza kwa muda mi sina shida nako, kucheza si haki ya mtu, lakini skolashipu na darasa visiguswe mpaka kikao kikae, na kikae ndani ya wiki chache. Pia naunga mkono kanuni za serikali za 2020 za kutekeleza Title IX, kwamba mashahidi waulizwe maswali na mshauri wa upande mwingine, huku binti akiwa chumba kingine kwa video akitaka. Wanaharakati wengi wa kwetu hawakubaliani nami hapa, sawa, lakini uamuzi ambao haukuhojiwa unakuja kupinduliwa mahakamani na binti anaanza upya. Tatizo kanuni zenyewe zinayumba na kila rais, za Biden zilianza Agosti 2024, Januari 2025 jaji wa Kentucky akazifuta, tukarudi za 2020.

Kwa wazazi wa nyumbani, viza ya mwanafunzi inategemea awe chuoni. Akisimamishwa masomo au kufukuzwa anapoteza hadhi yake hapa nchini hata kama polisi hawajamgusa. Kabla mtoto hajasaini skolashipu muulizeni mtu wa chuo, asiwe kocha, malalamiko yanapelekwa wapi, nani anaamua, na mwanafunzi wa kigeni anapata mshauri wa bure au la. Akisema sijui, ombeni jibu kwa maandishi.

Mzazi msomaji wenu,
Houston, Texas