Shakwe Mweusi wa Gorky

Nizhny Novgorod

Fundi, ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa masikio ambayo baridi ya huku imeamua kuyala. Hofu ni kwenu tu.

Ile picha niliyokutumia, ukanijibu papo hapo, "Hiyo Packard, usinidanganye," imenirudisha mara ya pili kwenye makumbusho ya kiwanda cha magari cha GAZ. Nimelizunguka gari lile hadi mama mlinzi akaanza kunitilia shaka. Jibu ni hili: umekosea, ila si sana.

Ni GAZ-13, jina lake Chaika. Kwa Kirusi chaika ni shakwe, ndege yule yule anayezengea dagaa wetu pale Deep Sea, Tanga. Itazame tena grili ya mbele, utaona mabawa yaliyotandazwa. Enzi hizo mji huu uliitwa Gorky, na mafundi wake walikuwa wamezichunguza Packard za Kimarekani kwa makini, kwa hiyo jicho lako halikukudanganya. Kichekesho ni kwamba Packard yenyewe ilikufa kwao mwaka 1958, na mwaka uliofuata huyu wa kufanana naye akaanza kuundwa. Akaundwa hadi 1981.

Najua unachongoja, kwa hiyo tufungue boneti. V8 ya lita 5.5, bloku ya aluminiamu, nguvu za farasi 195. Gari zima linapita tani mbili, na bado linafika kilomita 160 kwa saa. Giaboksi ni otomatiki ya gia tatu, lakini usitafute mkono wa gia maana haupo. Dereva anabonyeza vitufe kwenye dashibodi, kama anawasha redio! Nilivitazama vile vitufe muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote mle ndani.

Sasa sikia lililonishangaza kuliko injini. Gari lililotangulia, ZIM, lilibeba jina la Molotov, mkubwa wa serikali ya Kisovieti. Molotov alipoangushwa mwaka 1957, jina likang'olewa na gari likaitwa GAZ-12 tu. Lakini ZIM hiyo raia mwenye fedha, profesa au msanii mkubwa, aliweza kuinunua. Chaika haikuuzwa. Ungekuja na gunia la rubli, fedha yao, wangekurudisha nalo nyumbani. Ilikuwa gari la waziri, balozi, katibu wa kwanza wa chama mkoani. Wakubwa kabisa wa Moscow walipanda gari kubwa zaidi, ZIL, na waliokuwa chini walipewa gari dogo zaidi, Volga. Sisi tulikuwa na Wabenzi wetu, lakini hata mfanyabiashara wa mkonge aliyejaliwa aliweza kujinunulia Benzi akatupita kwa vumbi. Huku cheo kilikuja na gari, na cheo kikiondoka gari linabaki mlangoni mwa mwingine.

Kwa miaka 22 ziliundwa 3,189 tu, kwa mikono zaidi kuliko kwa mitambo. Mtu wa kawaida alipata kukalia kiti chake siku moja maishani, kama alibahatika: baadaye baadhi yake zilipelekwa kwenye majumba ya kufungia ndoa, zikawa zinakodishwa kwa maharusi. Hebu fikiria, bibi harusi ameketi palipokaa makalio ya waziri.

Alifuata mdogo wake, GAZ-14, mwaka 1977. Ya kwanza kabisa, rangi ya cheri, alizawadiwa Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti, alipotimiza miaka 70, na mzee yule alipenda magari kama wewe. Ziliundwa elfu moja na kidogo. Mwaka 1988, wakati wa kiongozi mwingine, Gorbachev, na vita vyake dhidi ya marupurupu ya wakubwa, uzalishaji ukasimamishwa, na vifaa vya kuundia vikaharibiwa pamoja na michoro yake. Michoro, Fundi! Wewe ambaye bado umehifadhi kitabu cha Land Rover kilicholiwa na mchwa nusu nzima, najua hapo umesonya.

Kabla ya kutoka nilimwomba mama mlinzi nibonyeze kitufe kimoja tu. Akatikisa kichwa, akanionyesha kamba. Nimekupigia picha ya dashibodi kutoka nje ya kamba, imetikisika kidogo. Wasalimie vijana wa gereji, na yule anayedai nilimpotezea spana namba 14 mwambie ninayo huku.

Wako,
Msomi