Barua ya wazi kwa Mkuu wa Upelelezi, Kaunti ya Kisumu

Afande,

Kesi inapokwama, hakosi mtu wa kupendekeza shahidi afanyiwe hipnosi: akalishwe, alegeze mwili, afuate sauti ya mtaalamu hadi aikumbuke namba ya piki. Tunakuomba ukatae.

Mwaka 1983 wanasaikolojia Jane Dywan na Kenneth Bowers waliwaonyesha watu picha 60, wakawaacha wazikumbuke kwa wiki nzima, kisha baadhi wakafanyiwa hipnosi. Walitaja picha zaidi, ila nyingi kati ya hizo mpya hazikuwamo. Hipnosi hulegeza chujio: alichokitilia shaka jana, leo shahidi anakiapia. Wakili atamshika wapi, na hadanganyi?

Hata swali tu laweza kuharibu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali. Wengine waliulizwa kasi ya magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 wa kundi la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika. La pili, 7 kati ya 50. Vioo havikuwapo. Basi anayeandikisha taarifa asiulize, "Boda ilimponda mama wa samaki pale Kondele ikiwa na kasi gani?" Aseme, "Nieleze ulichoona," kisha anyamaze. (Kunyamaza ndiko kugumu.) Aliyoyasema kwa Kiluo yaandikwe kwa Kiluo, tafsiri ikae kando.

Kwenye gwaride la utambulisho, shahidi anapotakiwa kumtambua mhusika kati ya watu waliopangwa mstari, kanuni zinataka mshukiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na sura. Shahidi akiwa alitaja kovu shavuni, na mwenye kovu ni mmoja, hilo si gwaride. Kila mmoja abandikwe plasta mahali palepale. Anayeliendesha asijue mshukiwa ni yupi, maana jicho au kikohozi chatosha kumsaliti. Shahidi aambiwe huenda mhusika hayumo. Akichagua, aulizwe papo hapo ana hakika kiasi gani, jibu liandikwe kabla hajasikia "vizuri". Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kuwa pongezi hiyo humfanya mtu adai alikuwa na hakika tangu mwanzo, hata kwamba uso aliuona vyema.

Na aliyekwisha kufanyiwa hipnosi? Taarifa yake ya kwanza ihifadhiwe na tarehe na saa yake. Yaliyofuata yawe fununu tu, ya kuwatuma makachero kwenye kamera za maduka na rekodi za simu.

Sisi walimu wa saikolojia, Kisumu