Lateksi ikikaa bandarini inaharibika, vibali vishughulikiwe meli ikiwa bado baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee uagizaji wa lateksi, yani ule utomvu mweupe wa mpira wa asili unaotengenezea glovu, mabaluni na gundi ya viatu, maana naona wengi, hata wanaotusimamia, wanauchukulia ni mzigo wa kawaida tu unaoweza kukaa mpaka makaratasi yakamilike, na sio hivyo kabisa.

Hii kitu inatoka Thailand, Malaysia au Vietnam ikiwa kwenye madramu na imewekewa amonia ili isigande. Ile ya amonia nyingi, kiwango cha kimataifa namba ISO 2004 kinataka amonia isipungue asilimia 0.6 na mpira mkavu, yani mpira wenyewe ukiondoa maji, usipungue asilimia 60. Sasa dramu likifunguliwa likaachwa wazi kwenye joto hili la Dar, amonia inapaa, bakteria wanazaliana, asidi inapanda na mwishowe inaganda kama maziwa ya mtindi, hapo mzigo umekwisha hakuna mashine ya kuurudisha.

Mzigo wetu ulishakwama hivyo hivyo. Ofisi moja ikasema hiyo ni kemikali kaleteni kibali cha kemikali, nyingine ikasema ni zao la shamba leteni cheti cha afya ya mimea, wakala wetu anazunguka tu na storeji inahesabika. Mkaguzi alipokuja akachota sampuli juu juu bila kukoroga. Jamani chembe za mpira ni nyepesi kuliko maji, dramu likitulia zinapanda juu, ukichota juu unapata mpira mwingi na ukichota chini unapata kidogo, majibu yakipishana na cheti cha muuzaji sisi ndo tunaonekana waongo.

Najua kuna watakaosema tuna mashamba ya mpira Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Sawa, lakini utomvu wa shambani una mpira kama asilimia 30 hadi 40, lazima uzungushwe kwenye mashine kupunguza maji ndo ufike 60, so kwa sasa tunaagiza. Na sio sisi wa karakana ndogo tu, MSD, yani Bohari ya Dawa, wana kiwanda cha mipira ya mikono (glovu) pale Idofi, Makambako, kwa hiyo hili linagusa mpaka hospitali.

Wenzangu mnaoagiza, ankara isiandikwe lateksi tu. Andikeni ni ya mpira wa asili, namba ya forodha HS 4001.10, sababu lateksi ya kutengenezwa kiwandani iko 4002 na mkichanganya mmejitafutia ubishi wenyewe. Ombeni pia cheti cha maabara cha batchi hiyo hiyo na karatasi ya maelezo ya usalama wa kemikali kabla hamjalipa.

Kwa upande wa serikali, TRA, TBS na Mkemia Mkuu wakae watoe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema lateksi inahitaji kibali gani, cha nani, na nani anapima nini. Mfumo wa dirisha moja, wa kuombea vibali vyote sehemu moja kwa mtandao, upo, meli inakaa baharini wiki kadhaa, maombi yapokelewe na yajibiwe muda huo huo. Na ukaguzi ufanyike siku moja wote wakiwepo, kivulini, dramu likorogwe taratibu kwanza kabla ya kuchota na lifungwe hapo hapo.

Mwenye karakana ya gundi,
Dar es Salaam