Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeambiwa akale kwanza

Mpwa wangu,

Baada ya salamu, dhumuni la waraka huu ni yule kocha wa majaribio aliyekurudisha nyumbani kabla hujagusa mpira mara kumi. Timu siitaji, na wewe usiitaje. Mama yako kanisimulia yote: mlipangwa mstari, jamaa akapita akiwakagua kuanzia utosini hadi unyayoni kama mnunuzi wa mbuzi, alipofika kwako akasema, "Huyu akale kwanza." Tangu siku hiyo viatu vimetundikwa msumarini na jioni unashinda kijiweni.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei, ila huku mtandaoni najua unapita. Nataka tumzungumze João Neves, kiungo wa Ureno.

Najua utaguna. Wewe mtu wa Ronaldo, tangu mdogo umevaa namba 7 mpaka ikachanika kwapani. Huyu wangu anavaa 87, ana urefu wa sentimita 174, na ukimweka kwenye ule mstari wenu naye angeambiwa akale kwanza. Pale PSG, timu ya Paris, anacheza kiungo na Vitinha, ambaye ni mfupi kuliko yeye. Na hao wawili ndio waliobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2025.

Kazaliwa Septemba 2004 mjini Tavira, kusini kabisa mwa Ureno, watu wa bahari kama sisi. Jirani yao kuna kijiji kinaitwa Santa Luzia, Wareno wenyewe wanakiita mji mkuu wa pweza. Sisi pweza tunamchokoa mwambani wakati wa maji kupwa. Wale huzamisha vyungu, pweza anaingia mwenyewe akidhani kapata nyumba, kisha kamba inavutwa. Nikasema kumbe! Ndivyo anavyokaba yule kijana. Hamkimbilii mtu mwenye mpira. Anamwachia upenyo, mwenzake anaona njia nyeupe, anausogeza mpira hatua moja mbele ya mguu, na hapo ndipo Neves anapoondoka nao. Wewe unavyokaba unaingia mzimamzima kama unafukuza mwizi, halafu unalalamika umepigwa chenga.

Sitakudanganya kwamba mko sawa. Yeye Benfica, timu kubwa ya Lisbon, walimchukua akiwa bado mtoto, akalelewa kwenye akademi yao ya Seixal, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon: vyumba vya kulala, shule, walimu wa mpira, nyasi zilizonyooka. Wewe uwanja wenu una mteremko, kipindi cha pili mnapanda mlima. Hilo nalijua na si dogo.

Lakini sikiliza alivyoingia timu ya kwanza. Januari 2023 Benfica walimuuza Enzo Fernández kwa Chelsea, yuro milioni 121, kwa hiyo katikati pakabaki shimo. Kocha Roger Schmidt akajaribu wengine, Aprili timu ikaanza kuyumba, ubingwa ukawa unaponyoka. Ndipo kijana wa miaka 18 akaanzishwa. Hakuna aliyekuwa anamfanyia hisani, maji yalishafika shingoni. Mwezi Mei wakaenda kwa mahasimu wao Sporting, wakawa nyuma 2-0, wakarudisha moja, na dakika za nyongeza Neves akasawazisha. Lilikuwa bao lake la kwanza kwa wakubwa. Wiki iliyofuata Benfica wakawa mabingwa. Novemba mwaka huohuo, Sporting tena, safari hii nyumbani Luz, Benfica wako nyuma 1-0 hadi dakika tisini zimekwisha. Neves akasawazisha, wakaongeza la pili, watu wakatoka uwanjani hawana sauti.

Agosti 2024 PSG wakatoa karibu yuro milioni 60. Katika siku hizohizo za kuhamia Paris, mama yake akafariki. Akacheza. Mechi zake mbili za kwanza za ligi ya Ufaransa alitoa pasi nne za mabao. Sijui moyo wa namna gani unafanya hivyo, mimi baba alipofariki nilishindwa hata kufungua duka mwezi mzima.

Sasa twende kwenye kichwa, maana hapo ndipo yule kocha wako alipokosea hesabu. Tafuta marudio ya PSG na Manchester City, tarehe 22 Januari 2025. PSG walikuwa wamekaa vibaya kwenye msimamo wa Ligi ya Mabingwa, na City wakatangulia 2-0. Dembélé karudisha, Barcola karudisha. Dakika ya 78 Vitinha anapiga faulo. Sasa usiutazame mpira, tazama nguzo ya mbali ya goli. Mabeki wa City, majitu marefu hasa, wote macho yako kwa mpigaji. Neves kashaondoka. Mpira unafika anashuka nao kwa kichwa, 3-2. Hakuruka juu ya mtu yeyote! Aliwahi tu. Nimelirudia bao lile mara nyingi mpaka shangazi yako akauliza kama nalipwa.

Wakamaliza 4-2, na Mei 31 mjini Munich, kwenye fainali, wakampiga Inter 5-0. Hakuna fainali ya kombe hilo iliyowahi kuisha kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Siku nane baadaye Neves yuko uwanja uleule na jezi ya Ureno, fainali ya Ligi ya Mataifa dhidi ya Hispania, 2-2, wakashinda kwa penalti. Na unajua kocha alimpanga wapi? Beki wa kulia! Wewe ulipoambiwa ucheze beki kwenye ndondo ulinuna wiki nzima.

Ana makosa yake. Julai ya mwaka huohuo, fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Marekani, wako chini 3-0 mbele ya Chelsea, mpira unaelekea kuisha, akamvuta Cucurella nywele. Nywele, mpwa wangu! Refa akaenda kwenye televisheni, akarudi na nyekundu. Hasira za watu wafupi nazijua, ni za ukoo wetu.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, PSG ugenini Toulouse, akafunga matatu, mawili kwa tikitaka. Ya kwanza nilidhani bahati. Ya pili nikasimama. Novemba akafunga matatu mengine Ureno ilipoifumua Armenia 9-1 na kufuzu Kombe la Dunia, na Ronaldo wako siku hiyo alikuwa anatumikia adhabu ya kadi.

Mimi si kocha, ni muuza vipuri. Lakini nimekuona ukicheza tangu unapiga mpira wa makaratasi, na ninajua kitu ambacho yule bwana na mkanda wake wa kupimia hakupata muda wa kukiona: mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya wakubwa kugongana vichwa, mara nyingi unaangukia kwako. Hujui kwa nini, unadhani zali. Tazama Neves anasimama wapi mpira ukiwa bado hewani, halafu uniambie kama ni zali.

Jumamosi nafika kwenu na basi la asubuhi. Vile viatu nimemwambia mama yako avishushe msumarini avipeleke kwa fundi, soli ya kulia ilikuwa imeachia. Pesa ya fundi nishatuma. Na kuhusu kula, nakuja na pweza.

Mjomba wako